Picha Isiyo na Mgongo

Kama kulikuwa na mtu mjini Nanyuki asiyejua kwamba machozi ya Mama Watiri yalikuwa ya moshi, basi mtu huyo alikuwa mgeni. Wenyeji wote walijua. Picha yenye machozi hayo ilikaa dirishani kwa Kajuju, kwenye studio yake kando ya duka la mbegu, mwaka mzima na zaidi. Aliyepita akienda sokoni alisimama, akaicheka kidogo, akasema, "Kingori na kuni zake mbichi," akaenda zake.

Na kweli kosa lilikuwa la Kingori, mume wa Watiri. Jumamosi moja mzee huyo alipasua kuni za mti ulioangushwa juzi yake, bado unatoa maji, akazipanga kwenye mafiga kwa majivuno yote ya mzee wa kanisa aliyeamua kumsaidia mkewe. Moshi uliotoka hapo haukuwa wa mchezo. Watiri alitoka jikoni akipapasa ukuta, amevaa sweta lake la shambani lililotoboka kiwiko, akaketi juu ya gogo na kuinua uso apate hewa, machozi yakimtiririka mashavuni. Kajuju alikuwa hapo na kamera shingoni. Alipiga.

Kajuju hakuwa mgeni katika boma hilo. Alipotoka Meru akiwa msichana wa kujifunza upigaji picha, bila ndugu wala jamaa mjini, ni Watiri aliyempa chumba kando ya ghala la mahindi, akamlisha mpaka alipojua kazi na kufungua studio yake mwenyewe. Hakumzaa, lakini mwulize yeyote Nanyuki mama yake Kajuju ni nani, atakuonyesha njia ya kwa Watiri. Kwa hiyo alipomwomba ruhusa aiweke ile picha dirishani, Watiri alicheka tu. Weka, alimwambia, hao wanaopita wananijua, watajua ni moshi. Ila isitoke hapo.

Isitoke hapo. Kajuju aliitikia, na alikuwa na nia ya kutimiza. Lakini nia haina kufuli.

Siku moja aliingia mzungu mrefu aliyeshuka mlimani, midomo imebabuka kwa baridi, akamwambia kwa Kiswahili cha kitabuni kwamba hajapata kuona uso kama ule. Moyo wa Kajuju ukajaa. Tangu aanze kazi hiyo hakuna aliyewahi kuisifia picha yake kwa sababu ya picha; watu wa huku husifia picha wakiwamo wenyewe. Basi akamtolea nakala moja, akampa bure. Nyuma yake aligonga muhuri, kama alivyogonga nyuma ya kila picha iliyotoka studio ile: Picha na Kajuju, Nanyuki, usinakili bila ruhusa. Katika kazi yao muhuri ndio jina. Picha ikiokotwa Murang'a au Doldol, unaigeuza tu na kujua mwenyewe ni nani. Kajuju hakuwaza hata kidogo kwamba kuna mahali duniani ambako picha haigeuzwi.

Mahali penyewe palikuja mpaka Nanyuki mwaka wa tisini na tisa. Mtu mmoja alifungua kiduka cha Intaneti, kompyuta tatu na feni moja, na wanajeshi wa kigeni wakawa wanaingia humo kuwaandikia wake zao. Naliaka, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa huko kutoka Bungoma, naye alikuwa akienda baada ya kazi kujifunza. Jioni moja alikuwa akitafuta habari za Mlima Kenya ili awafundishie watoto, ukurasa ukaanza kufunguka taratibu, kipande kwa kipande kutoka juu. Kwanza paa la jikoni. Kisha kitambaa cha kichwani. Kisha macho ya Mama Watiri, yamejaa machozi.

Chini yake palikuwa na maneno ya Kiingereza. Yalisema huyo ni mjane maskini wa miteremko ya mlima, mumewe amekufa na kumwacha bila chakula, na mwenye moyo wa huruma amsaidie yeye na wenzake kupitia shirika fulani lenye ofisi Nyeri.

Naliaka alichapisha ukurasa huo. Angempelekea Watiri kimyakimya, labda mambo yangekwenda vingine, lakini Naliaka ni mtu mwema asiyejua kunong'ona. Alimwonyesha Kingori mwenyewe, mlangoni pa kanisa, mbele ya wazee wenzake, akamtafsiria neno kwa neno.

Mzee wa watu alisomewa kifo chake akiwa na Biblia kwapani. Kesho yake alipofikisha maziwa kwenye kituo, vijana wa pale walishapata habari, na mmoja akatangaza kwamba marehemu ameleta maziwa, apimiwe haraka kabla hajarudi alikotoka. Watu wakacheka. Kingori hakucheka. Kwao mtu mzima haitwi maiti akiwa anapumua. Ni kama kumwonyesha kifo njia ya nyumbani. Alirudi nyumbani na mkebe wake, akamwuliza mkewe swali moja, kwamba alimzika lini, na kwa nini hakualikwa. Watiri aliapa hajui lolote. Kingori akasema uso ni wake, machozi ni yake, na picha haijipigi. Kuanzia siku hiyo alikula peke yake sebuleni na mkewe akala jikoni, watu walioishi pamoja miaka yote hiyo wakila sahani moja.

Ndipo Watiri alipokwenda studio. Hakuketi. Alitoa kwenye kikapu ile nakala ya picha ambayo Kajuju alimtilia fremu zamani kama zawadi, akailaza juu ya meza, uso chini.

"Uliuza?" aliuliza.

"Sikuuza, Mama. Nilimpa mgeni."

"Afadhali ungeuza. Ningejua angalau bei yangu."

Kajuju alishindwa kumtazama. Yule mama aliendelea kusema polepole, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. Alisema amelisha watoto wa watu maisha yake yote, hajawahi kunyoosha mkono kwa mtu, na leo uso wake unaombaomba ng'ambo kwa watu asiowajua. Alisema Kingori ameapa kwamba Jumapili, wakati wa matangazo, atasimama na kuwaambia waumini wote wasimwite Kajuju kwenye nyumba zao tena, si harusi, si ubatizo, si mazishi. Na yeye Watiri hatamzuia. Kisha akasema alichokuja kusema.

"Nipe ile filamu yake. Nitaichoma kwa mikono yangu."

Sasa hapo ndipo mambo yalipokaza. Mpiga picha wa miji hii anaweza kukupa picha, akakupa hata fremu, lakini filamu iliyooshwa, ile wanayoiita negativu, haitoki mkononi mwake. Si uchoyo. Watu hufa, na wakifa jamaa huja mbio wakitaka picha ikuzwe iwekwe juu ya jeneza, na mara nyingi picha waliyo nayo nyumbani imeshaliwa na panya. Kajuju alikuwa amewaokoa wengi hivyo. Lakini safari hii kulikuwa na jambo jingine zaidi. Negativu ndiyo iliyokuwa shahidi wake pekee. Akiichoma, yeyote atakayesema picha ni yake, Kajuju atamjibu kwa ushahidi gani? Na asipoitoa ichomwe, atakuwa amempoteza Watiri.

Aliomba apewe mpaka Jumamosi. Alisema atakwenda Nyeri kwa hao watu, na akirudi ataileta mwenyewe, Watiri aifanye atakavyo. Watiri alimtazama muda mrefu, kama anayepima unga wa deni.

"Jumamosi," alisema, akatoka. Fremu aliiacha mezani.

Ofisi ya shirika pale Nyeri ilikuwa ghorofani juu ya duka la vitambaa, na msimamizi wake alikuwa Musembi, mtu wa Machakos, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Kajuju alikuwa amejiandaa kukutana na mwizi. Akakuta mtu mpole aliyemkaribisha chai. Wapole ndio wagumu, jamani. Mwizi ungejua pa kumshika.

Musembi hakukana chochote. Alisema wafadhili walitaka nyuso, maana maneno peke yake hayamtoi mtu machozi. Akatafuta kwenye Intaneti, akakutana na ukurasa wa mtalii mmoja aliyeweka picha zake za safari ya mlimani, na hiyo ikiwemo. Hapakuwa na jina la mtu. Akaichukua. Na ujane? Kajuju aliuliza. Musembi alikuna shingo, akasema kwamba ukiutazama ule uso, ni uso wa mjane.

"Ni uso wa moshi," Kajuju alisema.

Alimweleza habari za kuni mbichi, na mzee aliye hai, anayepeleka maziwa kituoni kila asubuhi. Musembi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba hayo yote anaweza kuyaamini, lakini bosi wake hatayaamini. Mwezi uliopita alikuja kijana akadai picha nyingine ni yake, kumbe uongo mtupu. Kitu kikiwa kwenye Intaneti, alisema, kiko kama maji ya mto. Kila mtu anateka.

Kajuju alimwambia hata mto wa huku una watu wanaougawa kwa mifereji, na ukimwibia jirani maji utaitwa kwa chifu. Akamwambia nyuma ya picha ile kuna muhuri wake, wenye jina na onyo. Musembi akageuza kompyuta ili naye aone. Picha ilikuwa pale, imeng'aa, na Kajuju, wacha tuseme ukweli, alinyoosha mkono akataka kuigeuza. Kidole kiligonga kioo.

"Haiko na mgongo, dada," Musembi alisema. "Ile mashine ya kuingizia picha kwenye kompyuta inanakili mbele tu."

Aliona haya kama mtu aliyesalimia sanamu. Miaka yote amegonga muhuri mgongoni, na hakuna siku aliyofikiri kuandika jina lake mbele. Kuandika mbele kungeharibu picha, ndivyo alivyofunzwa, na alivyofunzwa ndivyo alivyofanya. Lakini haya hiyo haikumsahaulisha alichojia. Alifungua mkoba, akatoa bahasha ya karatasi, na ndani yake ukanda wa filamu wenye picha sita, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

Filamu haikatwi picha mojamoja. Fundi aliyemfundisha alimpiga konzi kwa ajili hiyo: picha moja peke yake hujikunja, hupotea, na mashine ya kukuzia haiwezi kuishika. Kwa hiyo ile siku ya moshi ilikuwa pale yote, imefuatana kama ilivyotokea. Katika picha ya kwanza Kingori amechuchumaa akipuliza moto, mashavu yamevimba. Inayofuata, moshi umefunika mlango. Halafu Watiri juu ya gogo, akilia. Na pembeni yake, imegusana naye kabisa, Watiri yuleyule na sweta lilelile, na Kingori amekuja kuketi kwenye gogo hilo, anamfuta macho kwa pindo la koti lake, na wote wawili wanacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana.

Musembi aliutazama ukanda ule, akautazama tena ukurasa wake. Alikaa kitini taratibu.

"Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiye."

Hakubishana tena. Alifunga mlango, akavuta kibodi, akafuta maneno, akafuta picha. Pale uso wa Watiri ulipokuwa pakabaki boksi tupu. Kisha akataka kumpa kitu, asante kidogo ya kutumiwa kwa picha yake, akavuta droo. Kajuju alimzuia mkono. Alimwambia akipokea hata senti, atakuwa ameuza kweli, na hatakuwa na la kusema nyumbani. Alitaka kitu kingine: iandikwe palepale kwenye ukurasa kwamba picha ile ilikuwa ya Kajuju wa Nanyuki, ilichukuliwa bila idhini yake, na mama aliyemo si mjane wala hakuomba msaada wa mtu. Musembi alivuta pumzi, akaandika. Aliichapisha nakala, akatia sahihi.

Akimsindikiza ngazini alimwambia jambo ambalo hakulazimika kulisema, na kwa hilo nampa haki yake. Alimwambia picha ile imekaa kwenye Intaneti miezi, na waliokwisha kuinakili hakuna awezaye kuwaita. Kajuju aliuliza ni wangapi. Musembi akasema hajui, na hakuna ajuaye.

Njia nzima ya kurudi alilirudia neno hilo. Alikuwa ameshinda na hakujisikia mshindi. Mahali fulani kulikuwa na watu ambao kwao Watiri atakuwa mjane mpaka mwisho wa dunia, na aliyempeleka huko ni yeye, kwa sababu mtu mmoja alimsifia.

Jumamosi alasiri alifika bomani. Kingori alikuwa sebuleni, Watiri mlangoni pa jikoni, na kati yao ua mzima. Kajuju alisimama katikati ya ua huo ili wote wawili wasikie, akasoma ile karatasi ya Musembi kwa sauti, kwanza kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, kisha kwa lugha ya nyumbani. Hakujitetea. Alisema ni yeye aliyempa mgeni ile picha, kwa mkono wake, bila kuuliza, baada ya kuambiwa isitoke. Na kwamba nyingine zilizotapakaa hataweza kuzirudisha.

Kingori alitoka nje, akaichukua karatasi, akaikagua mwenyewe akiisogeza mbali na macho. Alisema kumbe amefufuka. Alijaribu kulisema kwa ukali, lakini uzee una ucheshi wake, mdomo ulimponyoka kidogo upande mmoja. Kisha akamgeukia mkewe, akabaki akikunja karatasi.

Watiri hakuwa ametikisika. Alinyoosha mkono.

"Filamu," alisema.

Kajuju alimpa bahasha. Alimpa na mkasi mdogo wa studio, akamweleza kwamba ya kuchoma ni ile ya tatu, akitaka anaweza kuikata hiyo pekee, nyingine zibaki. Ndani, motoni, kulikuwa na chungu cha githeri, mahindi na maharagwe, kikichemka. Watiri alisogea penye mwanga, akauinua ukanda jinsi alivyomwona Kajuju akifanya miaka mingi. Kwenye negativu kila kitu hugeuka: nyuso za watu huwa nyeupe, na mvi huwa nyeusi. Alitazama picha ya tatu. Akaisogeza kidogo.

"Huyu ni nani mwenye nywele nyeusi hivi?" aliuliza.

Kingori alikuja akasimama nyuma yake, akachungulia juu ya bega lake. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kusimama karibu naye.

"Ni mimi huyo," alisema. "Nakufuta macho."

"Ulikuwa umeniletea kuni mbichi."

"Zilikuwa mbichi," Kingori alikubali, na kwa mtu yule hilo lilikuwa ombi zima la msamaha.

Watiri aliweka mkasi kati ya picha ya tatu na ya nne, pale uso wake unaolia unapokutana na uso wake unaocheka. Aliushikilia hapo. Kajuju alifumba macho, maana hiyo ilikuwa haki ya mama yule na asingemzuia. Alisubiri kusikia mlio wa mkasi, na hakuusikia.

"Nikikata hapa," Watiri alisema, "nitamwondoa huyu mzee pembeni yangu. Hapo ndipo nitakuwa mjane kama walivyosema."

Aliurudisha ukanda kwenye bahasha, akaukunja mdomo wa bahasha vizuri, akamwekea Kajuju mkononi na kuvifunga vidole vyake juu yake. Akamwambia akae nayo. Siku mmoja wao akienda, yule atakayebaki atakuja kuitaka, na atataka hiyo ya kucheka, ikuzwe kubwa, na jina la Kajuju liandikwe mbele, palepale juu ya sweta, kila mtu alione.

Kisha akaingia jikoni, akapakua githeri kwenye sahani moja kubwa, akaitoa nje na kuiweka juu ya gogo. Kingori alikaa upande mmoja. Watiri alikaa upande wa pili, akamtazama Kajuju aliyekuwa bado amesimama uani na bahasha yake, akasogea kidogo kumpisha.